Leo nimevuka Millennium Bridge

Wadau leo nimepita Millennium Bridge hapa London, ni daraja la waenda kwa miguu tu, unatoka upande wa kanisa la St Paul's unavuka mto Thames unatokea Tate Modern, lile jumba la sanaa, na mimi mtu wa ujenzi nimejikuta nachungulia chini ya daraja badala ya kuangalia mto. Kebo zake zimepita pembeni zimelala chini chini, hazijapanda juu kama madaraja mengine ya kuning'inia, ili ukiwa pale uone kanisa na mto bila kuzibwa na kitu, aisee hilo wazo nimelipenda mno.

Lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 likaanza kuyumba kushoto kulia, siku mbili baadaye likafungwa. Sio kwamba lilikuwa dhaifu jamani! Mtu akitembea anasukuma kidogo pembeni, sasa daraja likicheza kidogo tu kila mtu bila kujua anabadili hatua afuate ule mchezo wake, mwisho umati mzima unalisukuma kwa pamoja. Wakafunga dampa 89, yaani vifaa vya kumeza mtikisiko, zingine ziko kama shokapu za gari kabisa, nimeziona kwa macho yangu chini ya sakafu, likafunguliwa tena 2002.

Leo watu walikuwa wengi balaa na sijasikia likitikisika.