Chuo gani hicho hukai darasani?

Bibi yangu hajawahi kuniita kwa jina. Tangu nizaliwe mimi ni "mume wangu", na hata mwezi uliopita nilipoteremka bodaboda pale Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, na begi la jeshi mgongoni, baada ya shikamoo na marahaba neno lake la kwanza lilikuwa: "Mume wangu, umekonda. Huko mnapikiwa na nani?"

Nikashindwa kujibu, maana mpishi ndiye mimi. Kwa msionijua: nilipata bahati nasibu ya kadi ya kijani, kile kibali cha kuishi Marekani, nikaenda, nikabeba maboksi ghalani mwaka mzima mpaka kiuno kikaomba radhi, kisha nikajiunga na jeshi lao la nchi kavu. Mwenye kadi ya kijani wanampokea hata kama hajawa raia. Nipo Fort Bliss, El Paso, Texas, upande wa jikoni. Zamu yangu huanza saa kumi alfajiri, mayai kwanza.

Jioni ya siku ya pili tulikaa barazani, kahawa chungu na kashata, Mama Mdogo akaniuliza habari za masomo. Nikasema, kwa maringo kidogo sikatai, kwamba nimeshapata krediti 24 za chuo, yaani vile vipimo vya masomo vinavyojumlishwa mpaka shahada, na darasani sijatia mguu.

Bibi akaweka kikombe chini. "Chuo gani hicho hukai darasani?"

Mjomba, mwalimu mstaafu, akawa na swali lake baya zaidi. "Vya kununua hivyo?" Tangu uhakiki wa vyeti feki wa 2017 Mjomba anamwona kila mwenye karatasi kama mtuhumiwa.

Basi nikaanza na yeye. Kule ukishalijua somo unaweza kufanya mtihani tu, ukipita chuo kinakupa krediti zake. Mtihani wenyewe unaitwa CLEP, wanauendesha College Board, taasisi ya mitihani ya huko, tangu 1967. Unachagua somo, unakwenda kituoni na kitambulisho chako cha jeshi, simu unaiacha nje, unakaa mbele ya kompyuta saa moja na nusu hivi. Alama ni kuanzia 20 hadi 80, na Baraza la Elimu la Marekani linapendekeza aliyepata 50 apewe krediti. Masomo mengi alama unaziona palepale ukimaliza, kabla hata jasho halijakauka. Uandishi wa insha ndio unasubiri, kwa sababu zile insha zinasomwa na watu. Na kwa askari aliye kazini ada inalipwa na serikali, kupitia mpango wa elimu wa wizara yao ya ulinzi, mara ya kwanza kwa kila somo. Ukifeli, unasubiri miezi 3 na kurudia ni mfuko wako.

"Umefeli mangapi?" Mjomba ndivyo alivyo.

Moja. Aljebra.

Kidato cha nne nilipata F ya hesabu, na F hiyo nilivuka nayo bahari. Mtihani wa aljebra una maswali 60 kwa dakika 90, kikokotoo kipo kwenye skrini, na mimi nikajiaminisha kwamba mwenye kikokotoo hapotei. Nikapata 47. Namba ile ilikaa katikati ya skrini imetulia tuli, nami nikabaki naitazama kama atazamaye meli iliyomwacha gatini. Nje msimamizi akaniambia tu, "Miezi mitatu."

Kilichoniokoa ni kadi za mapishi. Mapishi ya jeshi la Marekani yameandikwa kwa walaji 100. Kila kadi hivyohivyo: nyama kwa watu 100, mchele kwa watu 100, chumvi kwa watu 100. Asubuhi sajenti anakwambia leo ni watu 340, basi unagawa 340 kwa 100, unapata 3.4, na kila kipimo kwenye kadi unakizidisha kwa hiyo 3.4. Kazi hiyo nilikuwa naifanya kila siku, kwa kalamu ya risasi, pembeni ya sufuria. Siku moja, mikono imejaa vitunguu, likanijia kwamba ile 3.4 ndiyo herufi iliyokuwa ikinitesa kwenye vitabu. Watu wakiongezeka, mchele unaongezeka kwa kipimo kilekile; ukichora, ni mstari ulionyooka. Nikaanza kuandika milinganyo nyuma ya kadi zilizochakaa. Vipeo vya pili vilinisumbua bado, siwadanganyi, lakini sikuwa tena mtu wa kuogopa x. Mara ya pili nikapata 58. Ada ilikuwa zaidi ya dola 90 kutoka mfukoni mwangu, na wiki mbili baadaye ndipo nikaambiwa kuna taasisi iitwayo Modern States inayofundisha masomo haya bure mtandaoni, na ukimaliza wanakupa vocha ya mtihani. Hizo dola 90 zinaniuma mpaka leo.

Mjomba akalainika. Bibi bado. Kwake yeye chuo ni msahafu, ubao na bakora ya mwalimu.

Nikamwambia: "Bibi, unamkumbuka yule mtoto aliyekuja chuoni kwetu kutoka Pangani?" Anamkumbuka, mtaa mzima unamkumbuka. Sisi tulikuwa bado kwenye juzuu Amma. Mwalimu hakumuuliza amesoma miaka mingapi wala kwa nani. Alimfungulia Yasini, akasema soma. Yule mtoto akasoma, mwalimu macho kafumba, kidole kinagonga goti. Alipofika ukurasa wa pili mwalimu akafumbua macho, akamwonyesha jamvi la wakubwa. Sisi wa miaka mitatu tukabaki palepale kwenye Amma yetu.

"Aa," Bibi akasema. "Kumbe wanakusikiliza tu."

Wananisikiliza tu, Bibi. Ndiyo maana yake.

Akanyamaza, halafu akamtaja babake. Babake Bibi alikuwa keya, askari wa Mwingereza, akapelekwa Burma katika vita vya pili. Aliondoka Tanga hajui herufi za kizungu, akarudi anasoma gazeti, anapima ramani, anaendesha lori. Lakini hakupewa cheti cha lolote katika hayo, akarudi kwenye mkonge. Sikumwambia Bibi kwamba 1942, miaka hiyohiyo, Marekani ilikuwa inawatungia askari wake mtihani wa GED ili waliokatiza sekondari wasirudi nyumbani mikono mitupu. Angeniuliza kwa nini babake hakutungiwa, na mimi jibu ninalo ila si la barazani.

Sasa mnaotaka kujua hesabu, maana najua kuna vijana wa huku kwetu walio jeshini kule na wananiandikia: sanaa na fasihi krediti 3, serikali ya Marekani 3, sosholojia 3, uongozi wa biashara 3, aljebra 3, uandishi 6, sayansi asilia 6. Hiyo ni 27. Mbona nilisema 24? Kwa sababu nilijifanya mjuaji. Mapendekezo ni mapendekezo, chuo ndicho kinachoamua, na chuo changu kwenye sayansi kilikubali 3 tu. Nusu nyingine wanataka maabara. Ningeuliza kwanza, ile miezi miwili ya kusoma mambo ya miamba na chembe hai ningeiweka kwenye somo jingine. Ulizeni kwanza, kwa maandishi. Shahada kule ni krediti 120, na jeshi hulipa ada hadi dola 250 kwa krediti moja, ila kuna kikomo cha mwaka. Kwa hiyo krediti 24 ni dola 6,000 ambazo hazikugusa kikomo changu. Kikomo chenyewe nakiweka kwa masomo ambayo lazima nisome kwa mwalimu.

Lakini lililonichoma roho ni Kihispania. Mwenzangu wa jikoni, wazee wake wametoka Mexico, alifanya CLEP ya Kihispania siku moja mchana baada ya zamu. Hakufungua kitabu. Ukipata 63 katika lugha hiyo unapendekezewa krediti 9, naye alizichukua zote, akarudi kuosha masufuria. Krediti tisa kwa lugha ya bibi yake! Nikakimbilia orodha: Kifaransa, Kijerumani, Kihispania. Basi. Kiswahili hakimo.

Mshauri wa elimu kambini ndiye aliyenitoa huzuni. Akasema jeshi lina mtihani wake wa lugha, DLPT, na Kiswahili kimo: kusikiliza na kusoma, maswali yenyewe kwa Kiingereza. Nikacheka. Mtoto wa Ngamiani apimwe Kiswahili? Nikaenda bila kujiandaa, nimetembea kama bwana harusi.

Kusikiliza nikapata daraja la 3. Kusoma nikashuka, nikapata 2+.

Ndiyo, mbili na kijumlisho. Makala nilizielewa zote, ila swali la Kiingereza linakuuliza mwandishi anaashiria nini, anaegemea upande gani, na mimi nikajibu kama msomaji wa barazani, yaani upande ninaoutaka mimi. Karatasi nimeipeleka chuoni waone kama ina krediti, sijajibiwa.

Hili la 2+ sikupanga kulisema nyumbani. Mama Mdogo ndiye aliyelichimbua, akacheka mpaka kashata ikamwanguka. "Mtu wa Tanga! Kiswahili! Mbili!"

"Mbili na kijumlisho," nikasema.

Bibi hakucheka. Alinyoosha shingo akautazama mwezi juu ya bati la jirani, nusu yake ikiwaka na nusu giza, akaniuliza taratibu: "Mume wangu, leo maji mafu au bamvua?"

Nikautazama mwezi. Miaka saba nakaa jangwani, bahari naiona kwenye simu, kujaa na kupwa kwake nimekusahau. Nikabahatisha.

"Bamvua."

Bibi akachukua kikombe chake, akapuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa zamani.

"Hiyo mbili," akasema, "wamekupendelea."