Kusoma Mahame ya Uingereza: Wharram Percy, Tyneham na Imber

Mtu akifika Wharram Percy saa sita mchana mwezi wa Julai, ataona nyasi, ng'ombe na kanisa lisilo na paa, kisha atarudi zake akidhani ametupa siku. Kijiji kizima kipo pale chini ya nyasi: nyumba, viwanja, njia, nyumba ya kabaila. Ila amekwenda saa mbaya, na pengine hakuna aliyemwambia atazame nini.

Uingereza ina mahame, yaani vijiji vilivyoachwa na wakazi wake, ya enzi za kati yapatayo 3,000. Wharram ndiyo ya kuanzia kwa anayetaka kujifunza kuyasoma, kwa kuwa hakuna hame lililochimbwa kwa subira kuliko hili. Mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst walirudi hapo kila kiangazi kwa miaka 40, mpaka 1990. Liko kwenye vilima vya chaki vya Yorkshire Wolds, kama kilomita 10 kusini-mashariki mwa mji wa Malton. Linatunzwa na English Heritage, shirika la kutunza mambo ya kale, na kuingia ni bure. Kutoka maegesho ya magari ni mwendo wa kilomita 1.2 hivi kwa miguu, na njia ina mteremko unaoteleza vibaya mvua ikinyesha, kwa hiyo vaa buti zenye soli ya meno. Ng'ombe hulishwa humo humo ndani. Wapitie kwa mbali, hasa wenye ndama, na mbwa awe kwenye kamba. Duka hakuna wala mkahawa.

Kila kitu hapo kinategemea mwanga. Nyumba za wakulima zilipoanguka zilibaki kuta fupi za mawe ya chaki, udongo ukazifunika, nyasi zikaota juu. Leo ni vijituta vya kimo cha goti, vingine vya kifundo cha mguu tu. Jua likiwa utosini halitupi kivuli, na kijituta kisicho na kivuli jicho hulipita tu. Nenda kati ya Novemba na Machi nyasi zikiwa fupi, katika saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza au saa mbili za mwisho kabla halijazama. Kumbuka kwamba Desemba jua la Yorkshire huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo anayeondoka Malton baada ya chakula cha mchana tayari amechelewa. Ukipiga picha, simama jua likikupiga ubavuni. Likiwa mgongoni kwako, vivuli vyote hujificha nyuma ya matuta na picha hutoka bapa. Siku njema kuliko zote ni ile ya sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu. Upande wa tuta unaopigwa na jua huyeyuka mapema, upande wa kivuli hubaki mweupe, na ramani ya kijiji hujichora yenyewe kwa dakika kama ishirini.

Wengi huganda kanisani kwa sababu ndilo jengo la pekee lenye kimo, wakachoka kabla ya kupanda. Pandeni kwanza kwenye uwanda wa juu, upande wa magharibi, ambako safu ya nyumba za wakulima ilijipanga. Tafuta umbo la mstatili mrefu mwembamba: hiyo ndiyo nyumba. Pengo katikati ya ukuta mrefu kwa kawaida ni mlango. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja kilichozungushiwa tuta, na kati ya safu na safu kuna njia iliyobonyea, kwa kuwa miguu na magurudumu ya karne kadhaa yaliichimba taratibu. Mahali ambapo majani yawashayo yameota kwa wingi pasipo sababu, simama utazame vizuri. Majani hayo hupenda udongo wenye fosfeti, na fosfeti hutokana na mavi ya mifugo, mifupa na mabaki ya jikoni.

Baada ya hapo shuka kanisani, St Martin, uangalie ukuta wenyewe kwa karibu. Utaona matao makubwa yaliyozibwa kwa mawe. Watu walipoongezeka, kanisa lilitanuliwa ubavuni na matao yakafunguliwa ili waumini wapite. Walipopungua, zile mbavu zilibomolewa na matao yakazibwa. Hakuna hati inayoeleza kupanda na kushuka kwa kijiji kile waziwazi kama ukuta huo. Kanisa liliendelea kutumika hata baada ya kijiji kufa, maana watu wa Thixendale walikuwa wakitembea hadi hapo kusali, mpaka walipopata kanisa lao karne ya 19. Nusu ya mnara ilianguka mwaka 1959.

Na hapa kuna kosa ambalo hurudiwa na waongoza wageni wengi: eti tauni ya 1348–49 ndiyo iliyoviua vijiji hivi. Tauni iliipunguza Wharram, lakini watu waliendelea kuishi pale kwa takriban miaka 150 zaidi. Kilichoimaliza ni kondoo. Sufu ilikuwa na bei, malisho yalihitaji mchungaji mmoja mahali palipohitaji wakulima wengi, na kufikia mwaka 1500 au muda mfupi baadaye kaya za mwisho zilikuwa zimefukuzwa. Habari hiyo inauma zaidi kuliko ya tauni, na ni haki ya wale watu isemwe kama ilivyokuwa.

Ukishazoea kuona, utatamani kutafuta mahame mengine peke yako. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la nchi hiyo, za kipimo cha 1:25,000, tafuta maandishi ya herufi za kizamani, zile zenye ncha, yanayotaja kijiji cha enzi za kati. Wharram yenyewe imo katika karatasi ya Explorer 300. Halafu fungua tovuti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, ambayo ni bure, na uweke ramani ya zamani upande mmoja na picha ya lidar upande wa pili. Lidar ni upimaji wa ardhi kwa miale ya leza kutoka kwenye ndege. Huvua miti na kuacha umbo la ardhi tupu.

Kitakachokupotosha kwenye lidar ni matuta ya kilimo. Matuta ya enzi za kati yana upana wa mita 5 hadi 10 na hupinda kama herufi S iliyogeuzwa. Sababu ni maksai: jembe zito lilivutwa na ng'ombe wanane wawili wawili, msafara mrefu, na mkulima alilazimika kuanza kuwageuza kushoto kabla hajafika mwisho wa shamba. Matuta membamba yaliyonyooka kama rula kwa kawaida ni ya karne ya 18 au 19 na hayakuambii lolote kuhusu kijiji kilichokufa. Yale yaliyopinda yamebaki tu pale ambapo shamba liligeuzwa malisho na halikulimwa tena. Plau ya trekta huyafuta upesi.

Kifaa cha kutafutia madini kiache nyumbani. Chini ya sheria ya mwaka 1979 ni kosa kukitumia kwenye eneo la kale linalolindwa bila kibali. Na kigae ambacho fuko amekitupa juu kirudishe pale pale, kwani thamani yake iko mahali kilipokutwa.

Mahame ya jeshi yanasomwa kwa namna nyingine, na kinachokwamisha safari huwa ni kalenda. Tyneham, pwani ya Dorset, ilihamwa Desemba 1943 ili jeshi lipate uwanja wa shabaha. Wanakijiji walibandika karatasi kwenye mlango wa kanisa wakiomba nyumba zao zitunzwe, na kusema siku moja watarudi. Mwaka 1948 serikali ilitwaa ardhi moja kwa moja. Hufunguliwa wikendi nyingi na sehemu ya likizo, lakini si zote, kwa hiyo tazama ratiba ya ufyatuaji ya Lulworth, ndio uwanja wa shabaha wenyewe, kwenye tovuti ya serikali kabla hujakata tiketi. Bendera nyekundu ikipepea, rudi. Vijiti vya njano vinaonyesha njia iliyosafishwa. Nje yake kuna makombora ambayo bado hayajalipuka, na onyo hilo ni la kweli kabisa. Shule ndogo imerudishwa ilivyokuwa, na wageni hudhani vita ndivyo vilivyowatoa watoto madarasani. Ilifungwa mwaka 1932 kwa sababu watoto walikuwa wamebaki wachache mno.

Imber, katikati ya Salisbury Plain huko Wiltshire, ni ngumu zaidi kufikika. Tarehe 1 Novemba 1943 wakazi waliitwa kwenye mkutano wakapewa siku 47 wawe wameondoka, ili wanajeshi wa Marekani wafanye mazoezi ya kuivamia Ulaya. Siku za kufunguliwa ni chache mno kwa mwaka na hutangazwa mapema. Siku moja ya Agosti kuna mabasi mekundu ya zamani ya London yanayotoka stesheni ya Warminster, utaratibu ulioanza 2009, na hilo ndilo gari la kupanda kwa asiye na lake.

Ukishuka, usizipige picha zile nyumba za matofali ya saruji zisizo na madirisha ukidhani ni za wanakijiji. Zilijengwa na jeshi miaka ya 1970 kwa mafunzo ya mapigano ya Ireland Kaskazini. Nenda moja kwa moja St Giles, kanisa lenye michoro ya ukutani ya enzi za kati, uingie chini ya mnara. Kwenye ukuta wa kaskazini kuna mpangilio wa kupiga kengele uliochorwa kwa rangi, wenye mwaka 1692: safu za namba zinazomwonyesha kila mpigaji zamu yake ni ipi. Watu walisimama hapo wakishika kamba, macho yakiwa kwenye namba hizo.

Na ikiwa siku ya Imber imekupita, nenda Edington, kilomita chache kaskazini. Sanamu za mawe za mashujaa wa ukoo wa Rous, zilizokuwa zimelala ndani ya St Giles kwa karne nyingi, zilihamishiwa kwenye kanisa la priori (nyumba ya watawa) la kijiji hicho, na kuziona hakuhitaji ruhusa ya jeshi.