Honi ya Upepo Ikikataa Kulia

Kabla hujashika spana, mwombe mtu abonyeze honi wewe ukiwa umesimama karibu na vali yake, yaani kile kifaa kinachofungulia upepo uende kwenye honi. Usisimame mbele ya tarumbeta, na ziba masikio, kwa sababu honi ya lori hupita desibeli 110 kwa urahisi. Sikiliza vali ikigonga "tik", kisha upepo ukipita. Kukiwa kimya kabisa, anza na umeme. Ikigonga tik lakini upepo hausikiki, upepo haufiki au vali imekwama. Upepo ukipita kwa kishindo na honi isilie, shida iko kwenye kiwambo, lile bamba jembamba linalotetemeka ndani ya honi na kutoa sauti. Watu wengi hununua honi mpya wakati ya zamani ni nzima, ila imenyimwa upepo.

Tazama geji ya upepo. Malori mengi hukaa kati ya baa 8 na 10 kompresa ikishajaza matangi. Honi haitakiwi kuchukua upepo kwenye tangi la breki. Inachukua kwenye saketi ya vifaa vya ziada, na hapo katikati kuna vali ya ulinzi inayojifunga presha ikishuka sana ili breki zibaki na akiba yao. Kwa hiyo honi iliyokataa asubuhi, injini ikiwa ndiyo kwanza imewaka, huenda haina kasoro yoyote. Subiri matangi yajae. Fundi akikwambia atagawa paipu ya breki ili honi ilie kwa nguvu zaidi, mkatalie. Paipu ya honi ikipasuka barabarani, upepo wa breki utatoka nayo.

Upande wa umeme, anza na fyuzi, kisha relei (swichi inayowashwa na umeme), kisha koili ya vali, yaani waya uliozungushwa unaoivuta vali ifunguke. Pima volti kwenye soketi ya vali honi ikiwa imebonyezwa, maana waya uliooza huonyesha volti kamili usipobeba mzigo. Kwenye gari la volti 24, ukikuta pengo la zaidi ya volti 2 kati ya betri na vali, umeme unapotea njiani, na mara nyingi ni pale waya hasi ulipofungwa kwenye bodi yenye kutu au rangi. Kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Koili yenyewe ipime ukiwa umechomoa soketi: mita ikionyesha njia imekatika, koili imeungua. Vali ya kamba, ile unayoivuta kwa mkono, haina hayo yote. Angalia springi na sili zake tu.

Sasa kiwambo, ambacho ndicho honi yenyewe. Upepo hujaa nyuma yake, hukiinua kidogo kutoka kwenye mdomo wa tarumbeta, ukatoka, presha ikashuka, kikarudi. Hayo hutokea mara mamia kwa sekunde. Ufa mwembamba kama unywele, chembe ya kutu au utando wa mafuta unatosha kuuvunja mwendo huo, ukabaki na mkoromo au mluzi wa upepo mtupu.

Ukitaka kukifungua, zima injini, weka kabari kwenye magurudumu, kisha toa upepo wote wa saketi hiyo. Weka alama mahali kifuniko kilipokaa, legeza skrubu kwa mtindo wa msalaba. Futa kiwambo kwa kitambaa laini na spiriti. Usitumie msasa, usipake mafuta: msasa hupunguza unene, mafuta hukusanya vumbi na kukigandisha. Kikiwa na ufa au kimepinda, badilisha pamoja na gasketi yake. Rudisha skrubu kwa msalaba vilevile, kwa nguvu sawa, kwani upande mmoja ukikazwa zaidi kiwambo hukaa mshazari na sauti hukwaruza. Honi yenye skrubu ya kurekebishia nyuma, izungushe robo tu kila mara, kisha jaribu.

Mara nyingi kilichokiharibu kiwambo ni maji. Kompresa hukandamiza hewa yenye unyevu, ikipoa kwenye tangi maji hutuama, na yanasafiri hadi kwenye honi yakiwa na kutu na mafuta. Toa maji kwenye matangi mara kwa mara, na kila siku kwenye msimu wa unyevu. Yakiendelea kutoka mengi, au yakitoka na utelezi wa mafuta, badilisha kichujio cha kikaushia upepo, na kompresa ikaguliwe. Tarumbeta ielekee mbele na iiname kidogo chini, mvua isituame ndani. Kwa gari lililolala muda mrefu, chungulia ndani yake kwanza. Nyigu wa matope hupapenda mno.

Sauti ikififia polepole honi ikiendelea kulia, pakaa maji ya sabuni kwenye viungo vyote uone panapovuja kwa mapovu, uangalie pia paipu iliyokunjika au iliyo nyembamba kuliko tundu la vali.

Honi ikikwama ikilia, chomoa fyuzi. Ikinyamaza, swichi au relei imegandamana. Ikiendelea, uchafu umezuia vali isifunge, na hapo hakuna la umeme la kufanya ila kukata upepo. Ndiyo maana inafaa kuweka koki ndogo kati ya tangi na vali, mahali mkono unapofika bila ngazi.