Siku Moja Maishani Mwangu: Nesi wa Miwani ya Theluji

Saa 12:30 asubuhi. Basi limejaa, mvua ya Seattle haikatiki. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje: mtu anatibiwa akiwa macho, kisha anarudi kwake.

Saa 1:30. Naandaa miwani ya uhalisia pepe (VR): ukiivaa unaona dunia ya kompyuta pande zote. Naichaji, naipangusa kwa dawa, naweka karatasi ya usoni ambayo kila mgonjwa anapata mpya. Jasho la mwenye hofu si mchezo.

Saa 2:15. Kijana aliyeungua mkono na mafuta ya chipsi amekuja kubadilishwa bandeji. Namuuliza kama ana kifafa, au akipanda gari hutapika. Hana shida. Mkono mmoja tunao sisi, kwa hiyo namwekea mchezo wa kugeuza kichwa tu: anapoangalia, ndipo mpira wa theluji unapoenda. Tunalowesha bandeji iliyogandia, tunaibandua polepole.

"Mmeanza?"

Tumeshapita nusu! Dawa ya maumivu lakini alimeza mapema, maana wapo wanaodhani miwani ni mbadala wa dawa. Siyo. Inaishughulisha akili hadi ikose nafasi ya kuyasikiliza maumivu. Mambo haya yana mizizi hapa hapa: Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kuwatuliza majeruhi wa moto kwa uhalisia pepe miaka ya 1990, na dunia ya theluji ikaja baadaye.

Saa 5. Mama Mkongomani, anatolewa kinyama cha vipimo begani. Programu inaongea Kiingereza tu. Anaivua miwani. "Mwanangu, unifunge macho na huyu ameshika kisu?" Simbishii. Namshika mkono, tunapiga soga za samaki wa Bukavu mpaka daktari anamaliza. Wenzangu wataandika "amekataa". Mimi naona ametulizwa.

Saa 7. Ugali wa jana.

Saa 8:40. Dada anayechunguzwa kibofu kwa kamera anapata kichefuchefu, picha zinakimbia mno. Namhamishia ufukweni, mahali pasipotikisika. (Mimi wa Mombasa, bahari isiyo na hata ngalawa moja naionea huruma.) Tumekubaliana: nikimgusa bega mara mbili, kitu kinakuja. Aliyevaa miwani haoni mkono wako. Ukimgusa ghafla anaruka.

Saa 11. Najaza mafaili. Nimeomba niirekodie programu sauti ya Kiswahili. Nimejibiwa kuna fomu.