Paa la Zamani Ndilo Lililonichagulia Fundi

Miaka minne iliyopita tuliezua paa la nyumba yetu ya Kimara, Dar es Salaam, tukaliezeka upya, na kazi hiyo iliharibika kwa sababu ya mtu niliyemkabidhi. Fundi huyo aliletwa na mlinzi wa jirani, ambaye baadaye nilifahamu kwamba alikuwa na cha juu chake humo. Alizungumza vizuri, simu yake ilijaa picha za nyumba za kupendeza, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wenzake wawili. Nilimpa nusu ya fedha kama malipo ya awali, nikamwachia na kununua vifaa. Tulikubaliana mabati ya geji 28. Yaliyopanda juu yalikuwa ya geji 30, nami sikujua kwamba namba ya geji ikizidi ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Misumari nayo ilipigwa kwenye mabonde ya bati, mahali ambapo maji hupita, badala ya kupigwa kwenye migongo. Masika yalipofika tulipanga ndoo sebuleni, na namba ya simu ya fundi ilikuwa haipatikani tena.

Mwaka jana nilipolazimika kuirudia kazi ile sikuuliza mtu yeyote kama anamjua fundi mzuri, kwa kuwa swali hilo humfanya kila mtu amtaje binamu yake. Niliuliza ni nyumba zipi mtaani zilizoezekwa miaka mitatu au zaidi iliyopita ambazo hazijavuja. Paa la wiki moja hung'aa hata likiwa limefanywa ovyo, maana bado halijakutana na mvua. Mwalimu mmoja mstaafu aliniruhusu kupanda darini kwake na tochi, na huko nilijifunza mengi kuliko katika picha zote nilizowahi kuoneshwa: kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimenyooka, mbao hazikuwa na dalili ya mchwa, na bodi za jipsamu hazikuwa na hata doa moja la maji. Mzee huyo aliniambia pia kwamba upepo ulipowahi kuilegeza kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele chake, fundi wake alirudi kuikaza bila kudai malipo.

Nilimwita fundi huyo pamoja na wengine wawili. Wa kwanza alitaja bei akiwa bado amesimama getini. Wa pili alitaka nimtumie picha, akanijibu kwa ujumbe wa mstari mmoja. Fundi wa mwalimu alipanda juu, akakaa huko karibu saa nzima, akashuka na maswali: Je, mama, mbao hizi zilitiwa dawa? Maji ya upande wa nyuma yanaelekea wapi? Mnakusudia kuvuna maji ya mvua, ili mifereji ipangwe tangu sasa? Kisha akaomba siku mbili, akaniletea karatasi ambayo vifaa vilitenganishwa na gharama ya ufundi, idadi ya kila kitu ikiwa imeandikwa, pamoja na mbao zilizooza ambazo wenzake hawakuzigusa kabisa katika hesabu zao. Bei yake ilikuwa ya juu, na niliielewa.

Watu huniuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Anayejenga jengo zima kwa kutumia kampuni inayojiita ya ukandarasi anapaswa kuhakikisha usajili wake huko kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kazi ndogo za mitaani kwetu, hata hivyo, hufanywa zaidi na mafundi binafsi, na kwao ushahidi ni kazi zao. Katika umeme sikulegeza: unyevu ulikuwa umeingia kwenye nyaya za darini, hivyo nilimtafuta mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, nikaiomba leseni yenyewe niisome.

Mkataba wetu ulikuwa wa kurasa mbili, tukautia saini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ulitaja geji, mbao zenye dawa, na malipo kwa hatua: kenchi zikikamilika, mabati yakipanda, kofia na mifereji ikifungwa. Sehemu moja ya kumi ilibaki hadi mvua ya kwanza kubwa. Vifaa nilinunua mwenyewe, fundi akiwa kando yangu dukani na kifaa chake kidogo cha kupimia unene. Furushi moja la mabati tulilirudisha hapo hapo, ingawa maandishi yake yalidai kuwa ni geji 28. Mafundi wengine huchukia kunyimwa fedha za vifaa. Huyu alisema ni nafuu kwake, kwa sababu kikipungua kitu hakuna atakayemtazama yeye.

Mvua ya vuli ilianza usiku mmoja wa Novemba, ikanyesha hadi alfajiri. Kabla sijapanda darini simu ililia. Alikuwa fundi, akiuliza kama kuna tone lolote upande wa jikoni, mahali ambapo bati la zamani lilikuwa limeoza zaidi. Nilimwomba asubiri, nikapanda na tochi, nikapapasa mbao moja baada ya nyingine. Zilikuwa kavu. Mchana huo nilimtumia fedha zake zilizosalia.