Nilivyobadili sheli ya kompyuta yangu Kirumba

Katika chumba ninachofanyia kazi karibu na Mwaloni Kirumba, Mwanza, kompyuta ya mezani yenye mfumo endeshi wa Debian hutunza hesabu za magunia ya dagaa, nami huiendesha kwa kuandika amri. Programu inayopokea amri hizo huitwa sheli, jina ambalo wengi wetu tumelizoea kwa kituo cha mafuta. Yangu ilikuwa Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Sikuwa na ugomvi nayo hadi umeme ulipokatika mchana mmoja, amri zote nilizozitunga tangu asubuhi zikapotea, kwa sababu Bash, isipoelekezwa vinginevyo, huandika historia ya amri kwenye faili pale tu sheli inapofungwa.

Bash nayo hurekebishika: ukiweka PROMPT_COMMAND='history -a' katika .bashrc, faili la mipangilio ya Bash, kila amri huandikwa papo hapo. Niliishi na mstari huo kwa muda. Hata hivyo, mimi hufungua madirisha mawili au matatu kwa pamoja, na nilitaka amri ya dirisha moja ipatikane katika jingine bila kuhangaika. Zsh, sheli nyingine, hufanya hivyo kwa mstari mmoja tu, setopt SHARE_HISTORY, mradi utaje pia HISTFILE (faili la historia), HISTSIZE (idadi ya amri zinazokumbukwa) na SAVEHIST (idadi zinazohifadhiwa kwenye faili) katika .zshrc, faili lake la mipangilio; ukiisahau SAVEHIST, hakuna kitakachohifadhiwa.

Kuisakinisha Zsh kulikuwa kwepesi. Kosa nililifanya katika kuibadili sheli yangu, jioni moja nikiwa nyumbani Ilemela na nimeunganishwa na kompyuta hiyo kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali. Niliandika sudo usermod -s /usr/local/bin/zsh na jina langu la mtumiaji, nikitumia njia ya faili niliyoinakili kutoka mfumo mwingine, ilhali Debian huiweka Zsh katika /usr/bin/zsh. Nilipojaribu kuingia kupitia dirisha la pili nilikataliwa, kwa kuwa sheli iliyotajwa mwishoni mwa mstari wangu katika /etc/passwd, faili la orodha ya watumiaji, haikuwapo kabisa. Kilichoniokoa ni dirisha la kwanza, ambalo sikuwa nimelifunga, kwani humo niliweza kusahihisha njia. Tangu hapo huuliza kwanza Zsh iko wapi kwa command -v zsh, nikahakikisha njia hiyo imo katika /etc/shells, orodha ya sheli zinazoruhusiwa, kisha natumia chsh -s, ambayo humkatalia mtumiaji wa kawaida sheli isiyoorodheshwa humo. Dirisha la zamani silifungi kabla sijaingia kwa jipya.

Skripti, yaani faili za amri, za kunakili hesabu sikuzigusa. Mstari wao wa kwanza ni #!/bin/bash, hivyo zinaendelea kuendeshwa na Bash, na ni vyema iwe hivyo, maana Zsh haiyagawanyi maneno ya kigeu (jina linalobeba thamani) kisicho na alama za nukuu kama Bash inavyofanya. /bin/sh, sheli ya msingi ya mfumo, ambayo kwenye Debian ni dash, niliiacha vilevile.

Umeme ulipokatika tena, nilisubiri urudi, nikaiwasha kompyuta na kubonyeza mshale wa juu. Amri ya mwisho niliyokuwa nimeiandika ilitokea.