Majirani wa 2147483647

Kwa kuwa namba tasa haina vigawo isipokuwa 1 na yenyewe, ni rahisi kudhani kwamba ukishaitambua hakuna jingine la kuichunguzia. Nimekaa na 2147483647 kwa jioni kadhaa, karatasi na kalamu mkononi, na nimeona kwamba habari zake nyingi ziko kwa majirani zake wawili, yaani namba inayoitangulia na ile inayoifuata.

Inayoifuata ni 2³¹, na kwa sababu hiyo namba yetu, 2³¹ − 1, imo katika ukoo wa namba zinazopatikana kwa kuipa 2 kipeo fulani (kama 31 hapa) na kupunguza 1, ukoo unaobeba jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo alivyoamini kuwa vinazaa namba tasa. Kwa 31 alipatia, ingawa kwa 67 na 257 alikosea, na 61, 89 na 107 akaziacha nje. Uthibitisho ulikuja mwaka 1772 kutoka kwa mwanahisabati Leonhard Euler. Mtu asiyejua umbo la namba hii angelazimika kuigawanya kwa kila namba tasa isiyozidi 46340, nazo ni zaidi ya elfu nne. Lakini umbo lenyewe linadai kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa kiache baki ya 1 kikigawanywa kwa 62, na baki ya 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Ukiyaunganisha masharti hayo, hubaki zile tu zinazoacha baki ya 1 au 63 zikigawanywa kwa 248, ambazo hata ukihesabu na zisizo tasa hazifiki 380. Huo ndio ufupisho ninaouhusudu kuliko kasi ya kompyuta yoyote.

Umbo hilohilo linatupa pia namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo pungufu yake: zidisha 2³⁰ kwa 2147483647 upate 2305843008139952128. Kwa namba iitwayo tasa, uzao huo si haba.

Jirani anayeitangulia ni zao la 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Vigawo hivyo vyote ni vidogo, na faida yake ni kubwa. Ili kuhakikisha kwamba vipeo vya 7, yaani 7, 7², 7³ na kuendelea, vikigawanywa kwa 2147483647, hupitia mabaki yote 2147483646 yasiyo sifuri kabla ya kurudi kwenye 1, majaribio saba yanatosha, moja kwa kila kigawo tasa. Zaidi ya hayo, 5 haimo katika orodha ya vigawo hivyo, kwa hiyo 7⁵, yaani 16807, nayo ina sifa hiyohiyo; ndiyo maana wataalamu wa kompyuta Park na Miller waliipendekeza mwaka 1988 kwa kuzalisha namba za kubahatisha katika kompyuta.

Kuna mnyororo mmoja unaovutia: 5 ni tasa, 2⁵ − 1 ni 31, ambayo ni tasa, na 31 inatuletea namba yetu. Mtu angetamani 2 yenye kipeo cha 2147483647, ikipunguzwa 1, nayo iwe tasa, lakini inagawanyika kwa 295257526626031. Kipunguze 1 kigawo hicho, nawe utapata 2147483647 mara 137490 kamili.